Koti la Dawa ya Ba

Jumatatu, 20 Novemba

Ba, mama mkwe wangu, kaanguka tena jikoni. Bahati yake kaangukia gunia la unga — lile lile alilonigombeza asubuhi kwa kuliacha njiani! Kliniki wamempima: mapigo ya moyo yako chini mno. Daktari Kessler kauliza kama dawa anameza sawasawa. “Kila siku, daktari, sikosi,” Ba akajibu. Mume wangu Nirav akaitikia kwa kichwa, mtoto wa mama. Mama mkwe humkosoi mbele ya watu. Lakini kuna jambo hapa, na nitalijua.

Jumanne, 21 Novemba

Nimelijua!

Nimetoka kazini mapema, nikamkuta na kinu. Anafungua kapsuli, anatupa ganda kwenye taka, anatwanga zile punje za ndani pamoja na sukari guru. Kisha analamba kijiko, katulia kabisa.

“Ba! Unafanya nini?”

“Ganda hili ni mifupa ya ng’ombe iliyochemshwa. Mama mmoja hekaluni kanisomea kwenye simu yake. Nirav aliniambia ni mahindi.”

Mahindi! Mwongo mkubwa yule. Sisi Wajaini, watu wa dini isiyoua kiumbe chochote, kitunguu chenyewe Ba hali, maana kuking’oa kunaua wadudu wa udongoni — sembuse ng’ombe!

Na mimi hii ndiyo kazi yangu, jamani. Kiwandani kutwa nzima nazivika punje kama hizi koti jembamba, ili dawa itoke kidogo kidogo mpaka kesho yake. Halafu nyumbani kwangu mtu analitwanga koti kwa mchi! Dawa ya siku nzima inamshukia moyoni kwa mkupuo mmoja. Kwa nini asianguke? Nimemweleza yote, koti na kila kitu, mpaka sauti imenikauka.

“Basi siinywi kabisa,” kasema.

Nirav kajitia kubembeleza. “Ba, ni kipande kidogo tu cha ng’ombe.”

“Kidogo cha ng’ombe ni ng’ombe. Na wewe nyamaza.”

Sikio la kufa halisikii dawa. Nisamehewe, kwa nini nimeandika hivi.

Jumatano, 22 Novemba

Hajameza kitu. Sasa moyo unakwenda mbio. Nimemshika mkono, mshipa unaruka kama samaki. Daktari anasema damu ikiganda humo ndani itakuwa kiharusi, na dawa nyingine mbili zilishamshinda tumbo. Hospitali hataki hata kusikia. Nimepigia maduka ya dawa yote ya Edison, mji wetu hapa Marekani. Muuzaji mmoja tu anayo yenye ganda la mmea, nyuzi za mti. Itafika Ijumaa. Ijumaa!

Alhamisi, 23 Novemba

Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani. Kila kitu kimefungwa. Mtaa mzima unanuka bata mzinga, Ba kafunga madirisha. Anasema hajambo, huku mkono kauweka kifuani. Nirav anazunguka nyumba kama kuku anayetaka kutaga. Nimempigia kelele, nikajuta, nikampigia tena.

Ijumaa, 24 Novemba

Naandika nimejifungia bafuni.

Dawa nimeipata. Duka la dawa limo ndani ya supamaketi, foleni ya watu wanaogombea televisheni za bei rahisi za baada ya sikukuu, nikapenya, nikaishika. Ganda la mti! Nimefurahi kama mjinga. Nikakaa garini kusoma karatasi yake. Punje zimevikwa lakiri.

Lakiri! Ute unaotolewa na vijidudu vya matawini. Unakwanguliwa pamoja nao, wanakufa kwa maelfu. Nimepiga usukani mpaka honi ikalia. Nikarudi dukani. “Dada, nyingine zote ni za ng’ombe au nguruwe,” muuzaji kaniambia. “Hii ndiyo safi.” Safi!

Nikafika nyumbani bado jua liko juu ya paa la jirani. Majira haya linazama mapema, na likizama Ba hatii kitu kinywani, hata maji. Nikampa. “Ganda la mti, Ba.”

Akaigeuza geuza kapsuli mwangani. “Ganda nimeelewa. Na lile koti ulilonieleza?”

Mdomo wangu huu!

Nikaikunja karatasi ya dawa, nikaitia mfukoni. Akaniketisha karibu yake. Midomo imemkauka, anahema kama aliyepanda ngazi.

“Hetal, mwanangu. Nimempigia mtawa wa dini yetu. Kasema aliyedanganywa hana dhambi. Dhambi ni ya aliyemdanganya.” Akanitazama usoni, hakupepesa. “Nirav simwamini tena. Nitameza kwa neno lako wewe.”

Nikasema nakwenda msalani.

Kumbe! Siku zote hizi namwita mkaidi, namwona anajiua kwa ajili ya mfupa — kumbe anataka kuishi. Anataka sana. Na ameshatafuta mtu wa kumbebea mzigo wa dhambi. Si mwanawe. Mimi! Mimi niliyelelewa dini ile ile, ninayeruka sisimizi njiani mpaka wenzangu kazini wananicheka. Nimekasirika hata herufi zinapinda. Angeniuliza tu kama mkwe: Hetal, nibebee. Lakini hapana, kaja na mtawa!

Jua limegusa paa.

Anagonga mlango. Polepole, kwa kidole kimoja.

“Hetal, mwanangu, bado? Maji nimeshamimina. Glasi ninayo mkononi.”