Kitambaa Chekundu cha Mahadev

Mama, maharage yapo jikoni, ongeza chumvi. Mkate wa ulezi ule na samli, usimwachie Rukma wote. Nyumbu nimeshawanywesha.

Baba, gesi nimeifungasha pamoja na mahema. Siku nne, wageni wanne wa Delhi, mitungi mitatu inatosha. Rukma hakukumbuka. Lakini asubuhi tukinywa chai umesema, "Rukma ndiye ataongoza safari ya mlima Kedarkantha. Wewe dada mtu baki na nyumbu." Kisa anajua Kiingereza! Theluji ya kule juu inajua Kiingereza? Mimi nimeupanda mlima ule kwenye theluji miaka saba. Yeye mwaka jana alilia njiani, eti vidole. Ndiyo, nina wivu. Andikeni ukutani.

Rukma, najua soksi zangu za sufu umeshazivaa. ~~Zivue.~~ Vaa mbili mbili, mdogo wangu, kule kuna baridi.

Na kile kitambaa chekundu cha kumfungia mungu wetu Mahadev kileleni, msikitafute. Kwetu hukibeba anayetangulia kukanyaga theluji mpya. Nyinyi mmekimbilia stendi kuwapokea wageni, mmekiacha kinaning'inia kwenye msumari. Naondoka nacho sasa hivi, mimi na mbwa. Leo nitalala kambi ya ziwani, kwenye kibanda cha mjomba.

Kesho wageni wakiuliza hizi nyayo mbele yao ni za nani, Rukma, wajibu kwa Kiingereza.

Ni mimi,
kifungua mimba wenu