Tulingoja Kundi la Pili

Mwangaluka, Kulwa mjukuu wangu. Goti la bibi yako limepata nafuu, na pamba imeanza kupasuka.

Ile video ya bendi ya roki uliyomtumia baba yako nimeiona. Unasema ni adimu, na unauliza kama niliwahi hata kuwasikia hao wazungu. Adimu wapi? Niliitazama hapahapa Dutwa, miaka ile serikali iliporuhusu biashara huria na mtu mmoja akaleta televisheni, deki na jenereta kwenye banda lake.

Nilikwenda na Masunga, mpinzani wangu. Unazijua ngoma zetu za baada ya mavuno: makundi mawili hucheza uwanja mmoja, na watu hukimbilia linalowavutia zaidi. Kundi moja niliongoza mimi, lingine yeye.

Wazungu wakapiga wimbo mmoja mrefu kama safari ya Maswa kwa baiskeli. Kisha mmoja akaketi, akaanza kuongea na mtangazaji. Masunga akaninong'oneza, "Anawatukana wapinzani wake. Sasa hivi watatokea."

Tukangoja. Kanda ikaisha, jenereta likazimwa, Masunga akagoma kutoka. "Wenzao wako wapi?" alimuuliza mwenye banda. "Mtu anachezaje bila mpinzani?" Banda zima lilicheka, na mimi nilicheka.

Masunga tulimzika mwaka juzi. Vijana huniomba nishuke uwanjani, lakini ngoma yangu bado inaning'inia ukutani. Jana niliitazama video yako mpaka mwisho. Yule mzungu aliponyamaza, nilijikuta naangalia mlangoni.

Babu yako,
Dutwa