Maharage ya Upande wa Kushoto

Ulyankulu, 3 Februari 2024

Mwanangu Viktori,

Salamu nyingi za nyumbani. Sisi hatujambo. Mama yako kifua kilimsumbua wakati wa Krismasi, sasa amerudi shambani. Huko Kigoma unaendeleaje, unakula? Anayeandika ni dada yako Inamahoro, maneno ni yangu. Simu sipigi, maana kwenye simu unanijibu kama unavyowajibu watangazaji.

Kuna jambo linaninyima raha. Unajua nasikiliza kila mechi yako redioni. Kila ukifungwa naweka harage kwenye ungo, kushoto kwako au kulia, kama mtangazaji anavyosema. Tangu Novemba umefungwa mabao tisa. Nimeupapasa ungo mara tatu: kushoto manane, kulia moja. Jicho langu la kushoto ndilo lililotangulia kuzimika, Viktori. Nijibu kweli. Unaona?

Baba yako,
Nduwimana


Kigoma, 24 Februari 2024

Shikamoo baba,

Mimi mzima kabisa. Mama mwambie apunguze kulima, na Inamahoro asimwache achote maji.

Baba, achana na hayo maharage. Beki wetu wa kushoto ni mgeni, kila krosi inapitia kwake. Isitoshe, Januari daktari wa timu alitupima macho, nikasoma herufi zote mpaka mstari wa mwisho. Nina miaka thelathini na tano na mkataba wangu unaisha Juni. Likisikika neno jicho tu, nimekwisha, na kazi nyingine siijui. Nakuomba usimwambie mtu.

Mwanao,
Viktori


Ulyankulu, 7 Machi 2024

Mwanangu Viktori,

Marahaba. Kifua cha mama yako kimepona. Barua yako nimesomewa mara mbili. Inamahoro anasema mistari yako inapandana, umeandika juu ya ulichokwisha kuandika. Hilo nalo kosa la beki?

Nikwambie nisichomwambia hata mama yako. Nilianza kutoona vizuri ulipokuwa darasa la tano, nikanyamaza. Majani ya tumbaku, ambayo hupangwa kwa rangi, mimi nikawa nayapanga kwa vidole, kwa uzito na ulaini. Watu wakasema Nduwimana ana mkono mzuri. Miaka mitatu nikasifiwa hivyo. Siku mizigo yangu iliporudishwa, rangi zote zimechanganyika, ndipo nikaenda hospitali. Daktari akasema ni presha ya macho. Ningekuja mapema, dawa ya matone ingelinda kilichobaki, lakini kilichopotea hakirudi. Akasema pia kwamba inafuata damu. Hilo nililificha nikiomba lisikuguse. Nisamehe.

Inamahoro aliweka kalamu chini, sasa ameishika tena. Nenda ukapimwe. Usipopimwa, usiniandikie.

Baba yako,
Nduwimana


Kigoma, 12 Aprili 2024

Shikamoo baba,

Natumaini wote wazima. Mwezi mzima nimeshindwa kukuandikia, na sababu unaijua.

Nilikudanganya. Siku ile ya kupimwa nilikaa kwenye benchi nje ya chumba, mlango uko wazi, nikalikariri lile bango kwa jicho la kulia, herufi moja moja. Zamu yangu ilipofika nikaziimba zote. Daktari akanipiga begani akasema nina macho ya mwewe, na mimi nikacheka naye.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa daktari mwingine, mbali na timu. Jicho la kushoto kimebaki kitundu cha ufunguo tu. La kulia limeanza. Amenipa matone, na amesema mpira ukinipiga vibaya usoni ninaweza kubaki gizani. Naogopa, baba. Naogopa kama mtoto.

Jumamosi ya tarehe ishirini tuna mechi ambayo viongozi wataitazama kabla ya kuongeza mikataba. Nautaka mwaka mmoja tu, nimalizie nyumba niliyoanza Ipuli. Ama nimwambie mwalimu wa timu ukweli na nisidake tena. Sijaamua. Kikosi kitasomwa redioni kabla ya mpira kuanza. Usiposikia jina langu, ujue nimesema.

Mwanao,
Viktori


Ulyankulu, 21 Aprili 2024

Mwanangu Viktori,

Marahaba, baba. Barua yako ilifika Alhamisi.

Jana nilikaa na redio tangu saa nane. Ungo nilimwambia mama yako auondoe. Miaka kumi na minne nimengoja hapa jina lako lisomwe, na likisomwa napiga kelele mpaka majirani wanasikia. Jana nilishika rozari nikiomba lisisomwe. Mtangazaji akasema, golini yupo Emilian, akaendelea na mabeki. Nikamwuliza Inamahoro kama nimesikia sawasawa. Akasema ndiyo, baba, mbona unalia? Nikamwambia ni furaha, lakini haikuwa furaha tupu. Najua ulivyolipenda lile goli.

Mmefungwa mawili. Sijui yameingilia upande gani, nilikwisha kuzima redio, nimesimuliwa tu.

Njoo nyumbani na hayo matone, nataka niishike chupa yake. Nyumba ya Ipuli itangoja. Treni yako ikifika Tabora tutakuwa stesheni. Nimemwambia Inamahoro, ukishuka tu, anisimamishe upande wako wa kulia.

Baba yako,
Nduwimana