Bango Letu la Kanga

Alby, Jumatano

Sasa watu wa makumbusho wanalitaka bango letu. Tulilishona mimi na jirani yangu Mama Furaha kwa kanga kuukuu, tukaandika kwa Kiswidi, lugha ya huku, kwamba kodi ya nyumba imetushinda.

Leo mwanamke wa makumbusho alituletea picha za mabango ya Wamarekani weusi. Walikuwa wakiandamana nayo, leo yako ndani ya kioo. Alisema letu pia ni sanaa, akaomba alichukue kabla ya Jumamosi lisije likachafuka.

Jumamosi ndipo tunapoandamana.

Labda namshuku bure. Lakini likishaingia kwenye kioo, nani atamsumbua mwenye nyumba?

Nilimwuliza kama atakuja kulibeba nasi. Akasema wikendi hafanyi kazi.

Mama Furaha, aliyekuwa ameshaanza kulikunja ampe, akalikalia.