Bendera niliyomshonea bibi Mjerumani

Ruti, acha unachofanya. Nimeumbuka hapa kanisani Chapwa!

Si unaijua ile bendera ya Ujerumani niliyoshona siku tatu, ya kumpokelea bibi mgeni? Nyeusi, nyekundu, njano, pindo nimepiga mara mbili kama nashonea ikulu. Nikaipandisha mwenyewe.

Bibi kashuka garini, kaitazama, kamnong'oneza mchungaji. Mchungaji naye mdomo hauna breki, akatafsiri kwenye kipaza sauti: "Mgeni anasema yeye ni Mjerumani wa Romania. Wazee wake walihamia huko miaka mia nane iliyopita, bendera hii haijazaliwa. Wao wana yao."

MIA NANE, Ruti! Mzee Ambilikile akadakia, "Mbona ndugu zetu wa Nakonde wako Zambia na hatuwashonei bendera ya Tanzania?" Kanisa zima kicheko. Mimi natafuta pa kuingia.

Mara bibi akapiga ukelele. Kamwona mama Tusekile wa kwaya na ile sare yao, blauzi ya bluu, sketi nyekundu. Akamkumbatia, analia kabisa. Mchungaji tena: "Anasema ndiyo hii! Bluu juu, nyekundu chini!"

Mama Tusekile kasimamishwa mbele ibada nzima. Hata kukaa kakatazwa, eti bendera haikai.

Sasa niulize ile sare alishona nani. Diana wa Mlowo! Diana huyu huyu ninayemsema kila siku kuwa hajui kupiga pindo!

Yangu hivi sasa wameifunikia sufuria la wali.