Taa ya Mlangoni Kwangu

Nkende, Tarime

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na yule ndama mwekundu amekubali kunyonya? Mimi ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kuta za vyumba vya hapa ni nyembamba, na haya sitaki jirani ayasikie. Mdogo wangu Bhoke akusomee mkiwa wawili tu.

Unajua kazi yangu katika ofisi ya mnunuzi wa dhahabu ni ukarani. Naandika jina la mchimbaji na uzito wa alicholeta, basi. Dhahabu anaifungia tajiri mwenyewe. Lakini tangu watu waanze kumiminika kwenye mashimo, kila anayefanya kazi ofisi ile anadhaniwa kulalia dhahabu. Juzi juzi nikakuta alama za viatu chini ya dirisha langu. Niliogopa sana, mama. Nikamtafuta fundi umeme.

Fundi ni wa upande wa Kenya, anakaa Sirari. Akaniuzia taa kubwa kama ya kumulika uwanja wa mpira. "Hii, bosi, mwizi akiiona anageuka tu!" Nikaifunga bila hata kuuliza inakula umeme kiasi gani, mimi niliyesoma! Mita ya luku ni moja kwa wapangaji wote. Siku ya nne uniti tulizochangia zikaisha, umeme ukakatika, na mwenye nyumba, Mama Gati, anayeuza soda, akanisimamisha uani mbele ya watu.

"Karani, taa yako inakula kuliko friji yangu!"

"Ni ya usalama, mama."

"Usalama gani? Milango yote ina giza, wako tu unawaka kama kuna harusi. Hata mimi sasa najiuliza, huyu analinda nini?"

Wakacheka. Mimi sikucheka, maana asubuhi ile mtu nisiyemjua alikuwa ameniuliza njiani, "Wewe ndiye wa ile taa?"

Nikaishusha siku hiyo hiyo. Nikanunua ndogo ya LED yenye sensa, inayowaka mtu akipita kisha ikajizima yenyewe. Kwanza niliielekeza uani, nikawa naruka kitandani kila mbuzi wa Mama Gati alipoiwasha. Sasa inaangalia chini, mlangoni tu. Nimewaomba wapangaji wengine wafunge kama hiyo, ili mlango wangu usiwe wa peke yake. Wawili wamekubali. Wa tatu akasema, "Mimi sina dhahabu, taa ya nini?"

Nikamuuliza nani kamwambia mimi ninayo. Akasema binamu yake anasali nawe huko Mbalibali, na kwamba uliposimama kutoa shukrani ulisema, "Mwanangu analala na dhahabu."

Mama, najua ulisema kwa furaha. Lakini nimebadilisha taa, nimebadilisha komeo, na neno hilo bado linanitangulia kila ninapopita. Nakuomba Jumapili usimame tena. Sema mwanangu anaandika majina ya watu, na chumbani kwake kuna godoro na madaftari. Useme kwa sauti ile ile, wa nyuma wasikie.

Nisalimie baba mdogo anayetuchungia ng'ombe, na shangazi wa Kisaka aliyenisomesha. Wakiuliza nimenunua taa ya nini, waambie ni ya mbuzi.

Mwanao anayekuhitaji,
Marwa