Perege Juu ya Sola

Jumamosi, 6 Septemba 2003

Bwawani tangu asubuhi. Mzee Firoz kanunua mota ya umeme! Ya kile kiboti kidogo cha kuvulia. Haina petroli wala kelele. Inakula betri tu, na betri inachajiwa na ile sola ya juu ya paa la boti kubwa tunamolala wikendi. Kaifunga fundi wake mpya, Primus wa Sanya Juu. Huyu anavaa miwani ya jua hata akiwa ndani.

Miaka kumi na moja nimempigia Mzee makasia. Mimi napiga, yeye anatupa ndoana, tunaongea — habari za duka lake mjini, za kahawa yangu ya Kilema, za marehemu mkewe. Leo kapanda na Primus. Mimi nikaambiwa nibaki nikaange viazi.

Jumapili, 7 Septemba

Nimegombezwa kwa ajili ya samaki! Siku zote naanika perege wangu juu ya sola. Kioo kina moto, alasiri wameshakauka, na mke wangu anawapika na ndizi. Mzee mwenyewe huniomba wawili. Leo Primus kapanda paani akawashusha kwa kijiti, utadhani panya. Eti kivuli cha samaki mmoja kwenye kona kinapunguza umeme wa sola nzima. Akaniita "brother". Brother!

Mzee akacheka. Angekuwa anacheka na mimi nisingejali. Alikuwa anacheka na Primus.

Jumatano, 17 Septemba

Nyumbani Shirimatunda. Nimemsimulia Salvina yote. Akaniuliza nimemwoa yeye au nimemwoa Mzee Firoz. Eti mgongo wangu unapumzishwa, halafu mimi nanuna?

Ni kweli mgongo unauma. Wivu unauma zaidi. Nauandika hapa kwa sababu sina pa kuusema.

Jumamosi, 20 Septemba

Makasia yametolewa kwenye kiboti. Primus kasema yanajaza nafasi bure, na Mzee kakubali. Nimeyafuta, nikayaweka chini ya benchi langu.

Jioni Mzee akatangaza kwamba kesho anakwenda kuvua peke yake, ameshaizoea mota. Nikamwambia upepo wa alasiri mwezi huu si wa kuchezea. Akanipiga begani, akasema, "Sirili, sasa na wewe pumzika."

Sikulala vizuri.

Jumapili, 21 Septemba

Betri ya mota iliunganishwa kuchaji asubuhi. Primus akavuka ubao kwenda ufukweni kutafuta vocha ya simu. Mzee alikuwa ndani na gazeti lake.

Nikapanda paani na perege wangu. Nikawapanga kioo kizima, siyo kona tu. Nilijua ninachofanya. Niliposikia Primus anarudi — na amechelewa kweli, amekutana na watu — nikawashusha, nikafuta kioo kwa shati.

Mchana soda za kwenye friji, nayo inakula sola hiyo hiyo, zilikuwa vuguvugu. Primus akanywa yake wala hakushtuka. Fundi huyo!

Mzee kaondoka baada ya chakula. Kofia nyeupe, kimya kimya. Hakugeuka.

Baadaye, bado Jumapili

Mota imezima. Kiboti kiko mbali, upepo unakisukuma kuelekea matete ya ng'ambo. Kule ndiko wanakolala viboko. Kila mtu anajua. Mzee anajua.

Primus yuko mbele ya boti anapiga kelele: aangalie waya, azime, awashe tena. Kupiga kasia hajui, na kuogelea hajui.

Ubavuni kwetu umefungwa mtumbwi wa Ndelilio, jirani yetu mvuvi, naye hatukatazi kuutumia. Makasia yako chini ya benchi, nayagusa kwa kidole cha mguu huku naandika. Nikiondoka sasa hivi namfikia kabla ya matete.

Mzee kasimama, anapunga kofia. Asisimame! Nimemwambia mara ngapi asisimame kwenye kiboti. Anaita. Juu ya maji sauti inafika mbali, nasikia kila kitu.

"Primus! Primus!"

Kaketi tena. Vizuri. Viboko wawili wametoa vichwa, labda watatu.

"Primus!"

Primus kageuka. Ananitazama mimi, anatazama makasia. Miwani kavua. Ananiambia kitu — sijui nini, sitaki kumsikia yeye.

Namtegea sikio Mzee. Aniite mara moja tu.